Miaka miwili tuliyosubiri mtoto wa jicho wa mama akomae

Mama aliponiambia ameanza kusoma misale bila miwani, nilifurahi mno. Alikuwa na miaka 69. "Macho yamerudi, mwanangu," alisema, na mimi nikawapigia simu ndugu zangu wote kuwapa habari njema. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa ile ilikuwa dalili ya mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunga lenzi ya jicho. Lenzi ya jicho ikianza kuwa ngumu katikati, huupinda mwanga kuliko kawaida, na mzee anaweza kuona vya karibu vizuri kwa muda huku vya mbali vikizidi kufifia.

Msimu wa kahawa ndio ulionifungua akili. Nilipanda Kibosho, kijijini kwetu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kumsaidia kuchuma. Mama ndiye aliyetufundisha tangu utotoni kuchuma nyekundu tupu, na ukichanganya mbichi alikuwa anakumwagia kikapu chini uanze kuchambua upya. Siku ile nilitazama kikapu chake, karibu nusu ilikuwa ya kijani. Nilipomwuliza, akasema ni kivuli cha migomba. Nikaanza kumchunguza. Chai alikuwa anamimina huku kidole kimoja kimeshika ukingo wa kikombe ndani, ili asikie inapofika. Maharage alichambua kwa kuyapapasa. Usiku tukitoka kwenye jumuiya, taa ya bodaboda ikimmulika anasimama kabisa mpaka ipite.

Tulianza kituo cha karibu. Mhudumu akammulika kwa tochi akasema ni mtoto wa jicho, ila bado hajakomaa, tusubiri. Tukasubiri miaka miwili. Katikati ya kusubiri nilinunua dukani matone niliyoambiwa yanayeyusha mtoto wa jicho, chupa tatu, na mama akayatumia kwa imani yote. Jirani alileta majani ya kukamulia machoni. Hayo niliyakataa, na nashukuru, maana dawa za namna hiyo zinaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho likaachwa na kovu la kudumu. Kisha mama akakosa ngazi ya jikoni, akaanguka na kuteguka mkono. Hapo nikasema imetosha, tukashuka Moshi mjini, hospitali ya rufaa ya KCMC.

Daktari alimwuliza swali moja: "Mama, ni kazi gani umeshindwa kufanya kwa sababu ya macho?" Mama akazitaja, na ndipo nilipojua ameacha nyingi kuliko nilivyodhani. Daktari akatuambia kuwa hicho ndicho kipimo: mtoto wa jicho anapoanza kumzuia mtu kuishi maisha yake, muda wa kumtoa umefika. Habari ya kukomaa ni ya zamani, wakati ambapo jicho lilikatwa kwa upana, lenzi ikatolewa bila kuwekwa nyingine, na mgonjwa akabaki kuvaa miwani mizito kama kitako cha chupa. Baadaye nilisoma kwamba lenzi bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, ingawa ilichukua miongo kadhaa kuenea duniani. Siku hizi kusubiri sana kunaweza hata kudhuru, kwa sababu lenzi iliyokomaa kupita kiasi ni ngumu na kazi ya kuitoa inakuwa nzito.

Mama akauliza kuhusu matone. Daktari akamwuliza kama amewahi kukaanga yai. Ule ute ni kama maji, unaona chini ya kikaango. Ukishapata moto unakuwa mweupe. "Kuna dawa ya kuurudisha uwe kama maji tena?" Mama akatikisa kichwa.

Alikubali kwa akili, lakini moyo ulikuwa bado. Alikuwa ameshikilia kuwa jicho litatolewa nje, lioshwe, lirudishwe. Tena alimjua mtu aliyefanyiwa upasuaji na hakuona. Kumbe huyo alikuwa na presha ya macho iliyochelewa kugundulika. Ugonjwa huo unaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokwisha kufa hakirudi hata ukiweka lenzi mpya. Ndiyo maana mama alipimwa presha ya macho, sukari, na sehemu ya nyuma ya jicho kabla ya kupewa tarehe. Mimi maneno yangu hayakumshinda. Aliyemshinda ni mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa amefanyiwa macho yote mawili. Alikuja, akaketi, akachukua sindano akatunga uzi mbele yake. Hakuongea sana.

Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Alipigwa ganzi pembeni ya jicho, akawa macho muda wote, anasikia mguso tu. Hakuna mshono. Lenzi chafu inatolewa kwenye kifuko chake, ya plastiki inawekwa humo humo, na nguvu ya hiyo mpya hupimwa mapema kulingana na jicho la mtu.

Asubuhi bandeji ilipofunguliwa, mama alitazama shuka. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akafunua, akafunika la kulia. Alirudia mara nne. "Hili linaona bluu," akasema. "Hili linaona chai ya maziwa." Mpaka leo nikikumbuka nalengwa na machozi, maana kwa muda wote ule alikuwa akitutazama kupitia hiyo chai.

Kazi kubwa ilikuwa matone baada ya kurudi nyumbani, na hapa nawaomba wenye wazazi wasizembee. Tulipewa ya mara nne kwa siku, wiki nne. Mama hafuati saa, kwa hiyo tuliyafunga kwenye ratiba yake: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, mbuzi wanaporudi bandani, taarifa ya habari ya saa mbili. Nanawa mikono kwa sabuni, natikisa chupa, navuta kope la chini kidogo, tone moja tu bila ncha kugusa jicho. Kama kuna dawa ya pili tunangoja dakika tano. Usiku kifuniko cha plastiki juu ya jicho, asije akalisugua usingizini. Kuinama kukata majani ya ng'ombe, hapana. Aliniomba sana, nikakataa. Tuliambiwa pia kwamba maumivu makali, wekundu unaozidi au kuona kukirudi nyuma si mambo ya kungojea kliniki. Ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Gharama zilipita kwenye bima yangu, ambamo mama ameandikishwa kama mzazi.

Jicho la kushoto lilifanyiwa miezi mitatu baadaye. Tarehe alichagua mwenyewe, ili matone yaishe kabla kahawa haijaanza kuiva.