Tulivyopanda Lushoto na IST katikati ya masika

Watu watatu walinipa ushauri kuhusu safari ya Lushoto, milimani Tanga, na IST yangu, gari dogo la Toyota. Jirani yetu hapa Tegeta alisema bila gari linalovuta miguu yote minne nisithubutu. Fundi akaniambia nijaze upepo mpaka tairi ziwe ngumu kama jiwe, eti ndipo zinakata maji. Shemeji yangu naye, mtu mzima na leseni yake, akanifundisha kwamba wakati wa kushuka mlima unatia nyutro, gari lishuke bila gia, ili uokoe mafuta. Huo wa tatu uliniudhi kuliko yote, na nitausema mbele, maana unaua watu.

Nyumbani kwetu dereva ni mimi. Baba Nasra ni mwalimu wa historia, kazi yake ndani ya gari ni kumenya machungwa na kusimulia. Tuna miaka kumi ya ndoa, na hatukuwahi kulala nje ya Dar wawili tu, bila watoto, bila msiba wala harusi ya mtu. Sikukuu ya Muungano ilipoangukia Ijumaa nikasema basi, watoto waende kwa bibi yao, sisi tunakwenda Lushoto. Mvua inyeshe, isinyeshe.

Nilichofanya kabla ya safari ni kununua tairi mbili mpya za mbele, laki mbili na ushee, na waipa. Zile za zamani zilikuwa zinachora michirizi tu kwenye kioo.

Tulipitia Bagamoyo tukatokea Msata. Kwa mtu wa Tegeta, kwenda kujipanga nyuma ya malori Kibaha hadi Chalinze ni kujitesa bure. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 tu za lami. Baada ya hapo Wami, Mkata, Segera, Korogwe, na tochi za trafiki za kupima mwendo kila palipo na kibao cha 50. Mvua ilitukamata Korogwe. Tulipofika Mombo tukanywa chai ya tangawizi tumesimama, tukaanza kupanda.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na ndani ya hizo unapanda kama mita 1,000. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo siku ya ukungu hulioni mwisho wake. Nilipiga honi kila kona na taa niliziwasha mchana kutwa. Kabla ya Soni tulikuta udongo umeporomoka na vijana wanauondoa kwa majembe. Tulisubiri karibu nusu saa.

Hapo ndipo kioo cha mbele kilipofunga mvuke kwa ndani. Sweta zimelowa, sisi tunapumua, nje baridi. Baba Nasra akafuta kwa leso, baada ya dakika kimefunga tena. Akafungua dirisha, mvua ikaingia na mvuke ukabaki palepale. Nikamwambia funga, nikawasha AC, nikazungusha swichi kwenye joto na kuelekeza upepo kwenye kioo. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa: AC kwenye baridi hii? Lakini AC inakausha hewa, na mvuke ule si kitu kingine ila unyevu uliokimbilia kwenye kioo cha baridi. Haikupita dakika mbili, kioo kikawa safi kabisa. Tukaona maporomoko ya Soni yanavyofoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na akaanza kunisimulia habari za mfalme Kimweri na Vuga, mji wake mkuu, jinsi watawala wa ukoo wa Kilindi walivyoitawala milima hii kabla ya Wajerumani kuja na kuuita mji wa Lushoto Wilhelmstal.

Sasa nije kwenye kilima.

Nyumba ya wageni tuliyolipia, elfu arobaini na kitu kwa usiku, iko upande wa Irente, na mita sitini za mwisho ni udongo mwekundu mtupu. Saa kumi na mbili jioni, mvua haijakatika. Mara ya kwanza nilikuja na mwendo. Gari likafika katikati, tairi za mbele zikaanza kuzunguka bila kushika, likateleza taratibu kuelekea mtaroni. Nikakanyaga breki, halikusimama. Lilisimama lilipotaka lenyewe, tairi moja ukingoni kabisa. Nikashuka nalo kinyumenyume mpaka chini huku moyo unadunda. Mara ya pili Baba Nasra na vijana wawili wakasukuma. Tope likaruka, harufu ya mpira ikajaa, gari halikusogea hata hatua tatu. Mara ya tatu tukalaza kapeti za gari chini ya tairi. Nilipokanyaga mafuta kapeti moja ikachomoka kwa kasi ikapita karibu na goti la mume wangu. Nikazima injini palepale. Gari si kitu cha kumvunjia mtu mguu.

Akapita mzee mmoja na mwamvuli, mabuti ya mvua miguuni, jembe begani. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Hilo gari linavuta miguu ya wapi?"

"Ya mbele, babu."

"Basi upe mlima mgongo. Panda kinyumenyume."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Gari likielekea juu, uzito unalalia zaidi nyuma, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazovuta, zinabaki nyepesi. Ukiligeuza, injini iko chini, uzito unazikandamiza tairi zilezile zinazofanya kazi, zinauma udongo. Nimeendesha miaka minane na hakuna aliyewahi kuniambia hilo, si chuo cha udereva, si fundi, si yule jirani wa miguu minne.

Tukatoa mabegi yote kwenye buti ili nyuma kuwe kwepesi. Nikapunguza upepo wa tairi za mbele mpaka zikalala kidogo, kinyume kabisa na alivyonishauri fundi, maana tairi iliyolegea inakanyaga eneo kubwa zaidi. Babu akachimba vijishimo vya kupitisha maji pembeni, akatandika majani makavu aliyoyatoa chini ya banda. Baba Nasra akatangulia juu na tochi ya simu. Nikatia R, nikageuza shingo, nikakanyaga mafuta kidogo mno, kama mtu anayekanyaga yai. Gari likapanda. Pole pole, bila kelele, bila tairi kusaga. "Kushoto kidogo, mama. Nyoosha. Njoo, njoo!" Nilipolifikisha uwanjani Baba Nasra alikuwa amelowa chapachapa, akanikumbatia mlango ukiwa bado haujafunguka vizuri.

Babu alikataa pesa. Alikubali kilo mbili za sukari tulizokuwa tumebeba.

Jumamosi ilinyesha kutwa. Tulikaa na blanketi moja na moto, tukaongea mambo ambayo hatujayaongea tangu Nasra azaliwe. Alasiri tukatembea hadi ukingo wa Irente. Wingu likafunguka kama dakika kumi, tukaiona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari.

Jumapili asubuhi nikajaza tena upepo mjini, tukaanza kushuka. Na sasa nalisema la nyutro. Ukitia nyutro kwenye mteremko ule, injini haikusaidii chochote, breki peke yake inabeba gari zima, inachemka, na ikishachemka inalegea. Nilishuka na gia ya 2, penye mteremko mkali L, gia ya chini kabisa, breki naigusa na kuiachia. Injini inanguruma, iache ingurume. Chini ya Soni tulikuta gari limeegeshwa, tairi zinatoa moshi, familia nzima imesimama kwenye mvua. Mombo niliposhuka nikapeleka kiganja karibu na rimu zangu: vuguvugu tu. Joto la bondeni likatupokea, tukavua sweta.

Mafuta kwenda na kurudi yalikuwa kama laki na themanini. Tulifika kwa bibi saa mbili usiku. Nasra alilizunguka gari mara mbili, akauliza kwa nini bampa ya mbele imejaa tope jekundu mpaka kwenye namba. Nikampandisha juu ya boneti, nikaanza kumweleza habari ya yule babu.