Muda wa unywele mmoja

Mama amefanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni, pwani ya Kenya, tangu nikiwa mtoto, na anajua vizuri jinsi maji yale yanavyogeuka mekundu yakikaribia kukauka. Wekundu ule huletwa na viumbe vidogo vya chumvini. Aina mojawapo, Halobakteriamu, ndiyo ninayoisomea huku Uswidi.

Kwenye utando wake ina protini ya zambarau, bakteriorodopsini, na ndani ya protini hiyo imekaa retinali, ndugu wa vitamini A tunayoipata kutokana na rangi ya karoti. Mwanga ukiipiga, retinali hujipinda mahali pamoja tu. Msukosuko huo mdogo ndio unaoiwezesha protini kusukuma protoni, chembe ndogo zenye chaji, nje ya seli, na kiumbe kikapata nguvu za kuishi.

Kujipinda huko huchukua kama femtosekunde 500, na sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Hakuna saa ya kuupima muda huo, kwa hiyo tunaupima kwa umbali. Mpigo wa kwanza wa leza unaiamsha molekuli, wa pili unakuja kuitazama. Huo wa pili tunauchelewesha kwa kuupitisha kwenye vioo vilivyofungwa juu ya kitoroli. Kirudishe kitoroli nyuma mikromita 75, unene wa unywele mmoja: mwanga, kwenda na kurudi, umechelewa femtosekunde 500 kamili. Ahmed Zewail, Mmisri mzaliwa wa Damanhur, alipata Nobeli ya kemia mwaka 1999 kwa kutazama molekuli hivi, na mimi bado naiona njia hii kuwa nzuri ajabu.

Wiki mbili sikupata kitu. Mstari wa vipimo kwenye skrini ulilala sifuri, usiku baada ya usiku. Alhamisi ndipo nikakumbuka kichujio nilichokiongeza mwenyewe kwenye njia ya mpigo wa kwanza: kioo chenye unene wa milimita mbili. Mwanga hupunguza mwendo ndani ya kioo, na hicho peke yake kilikuwa kimeuchelewesha zaidi ya femtosekunde 3,000. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mipigo haikukutana kabisa. Nikasogeza kitoroli nusu milimita. Kwenye nanomita 625, upande wa mwanga mwekundu, mstari ukaanza kupanda: retinali zilizokwisha kujipinda.

Jana nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekipata?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akauliza kama vile vya kwetu navyo viko kazini saa hii. Gongoni ilikuwa saa tisa mchana, jua kali.

"Viko kazini, mama."