Risiti za Cherehani

Baba hakuwahi kumiliki duka hata siku moja, ila wateja wake wa Jinja, Uganda, walikuwa wakisema "twende kwa Mtanga" kana kwamba jengo zima ni lake. Juu ya mlango palichongwa kwa saruji jina la ukoo wa Kigujarati na mwaka 1927. Chini ya jina hilo, barazani, walikaa mafundi cherehani wanne, na baba ndiye aliyekuwa mkubwa wao, futi shingoni, chaki mfukoni. Mteja aliingia dukani akachagua kitambaa, mwenye duka akapima na kukata, kisha mteja akatoka nje kupimwa kiuno na mabega. Pesa ya kitambaa ilibaki ndani. Ya kushona nayo ilipita ndani kwanza.

Alikuwa ametoka Tanga angali kijana, akimfuata mjomba wake aliyepata kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alikuja kulifungua, akaenda zake, na vibarua wengi wakabaki hawana kazi. Baba akajifunza cherehani Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, akaoa Msoga, akatuzaa. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa bibi Lusoga, na shuleni Kiingereza ukitaka kuepuka kiboko.

Mwenye duka sitampamba. Kitambaa kikiungua kwa pasi, fundi alikatwa mshahara. Fundi akiugua, siku hiyo haikuhesabiwa. Choo cha ndani kilikuwa cha familia yake peke yao, mafundi walikwenda sokoni. Wakati huohuo ndiye aliyelipa ada ya dada yangu mwaka mmoja baba alipokwama, akaikata kidogokidogo hadi ikaisha, bila riba. Sheria za Mwingereza ndizo zilizomweka pale alipokuwa. Kwa miaka mingi biashara kubwa ya pamba na viwanda vya kuichambua ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika aliachiwa jembe na kibarua. Buganda walishachoka mapema. Mwaka 1959 waligomea maduka yote ya wasio Waafrika, na habari zake zilifika kwetu Busoga na mabasi.

Kwa hiyo tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliposema kule Tororo kwamba Waasia wanaoshika pasipoti za Uingereza wana siku 90 za kuondoka, Walukuba hakuna aliyelia. Watu walishangilia, na nisingependa mtu akwambie vingine. Redio ikaviita Vita vya Uchumi. Mali inarudi kwa mwananchi. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilijua mwananchi ni nani: ni baba.

Baba naye alijua hivyo. Usiku mmoja mafundi wa barazani walikutana kwetu, wakamtafuta karani wa shule awaandikie barua ya maombi kwa Kiingereza kizuri. Waliomba kupewa duka kwa pamoja. Walieleza kwamba wanajua bei, wanajua vitambaa, wanajua wateja wanaolipa na wasiolipa, wanajua hata wenye maduka ya jumla Kampala. Wakaipeleka kwa kamati ya kugawa maduka. Waliitwa kusailiwa, wakaenda na makoti waliyoshona wenyewe. Waliulizwa swali moja tu: mna kiasi gani benki?

Septemba mambo yakabadilika. Wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa vibaya, na kuanzia hapo mtu wa asili ya Tanzania akawa wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Lugha yenyewe ilikuwa mtihani. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, kila kizuizi cha barabarani uliulizwa kwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha baba cha Tanga kilikuwa laini mno, chenye "tafadhali" nyingi. Akaacha kuzungumza kwenye basi. Mama ndiye aliyekuwa akijibu, kwa Lusoga, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwenye duka aliondoka siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, Novemba. Alikuwa anadaiwa na baba mshahara wa miezi kadhaa, na pesa hakuwa nazo, au alikuwa nazo mahali asipoweza kuzigusa. Akachukua karatasi akaandika kwa Kiingereza kwamba cherehani ya Singer, ya miguu ya chuma, anamwachia fundi wake badala ya mshahara. Akaweka sahihi na muhuri wa duka. Baba aliipakia kwenye mkokoteni akaileta Walukuba, na jioni ile nyumba yetu ilijaa majirani kama waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Ugawaji wenyewe ulikuwa Desemba. Tulisikia tangu jana yake kwamba wakubwa watapita Main Street duka kwa duka. Alfajiri baba akairudisha cherehani barazani. Hesabu yake ilikuwa hivi: kamati ikifika ikakuta mlango umefungwa na baraza tupu, itaona jengo, lakini ikikuta mafundi wanashona, itaona kazi. Wakakaa wote wanne, wamevaa makoti yao. Kitambaa cha kushona hakikuwapo, kwani duka lilikuwa limepigwa lakiri. Walishona vipande vya mashuka ya kwetu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni na kikopo cha mafuta ya mashine, kazi yangu kutia tone kila nikionyeshwa. Nakumbuka baba akishona mstari mmoja ulionyooka, anafika mwisho, anageuza shuka, anashona mwingine kandokando, na shuka linakuwa gumu kama turubai.

Wakaja kama saa nne. Mbele maofisa wenye sare, katikati mabwana wawili wa suti, nyuma karani na faili, na nyuma ya karani umati. Mbele ya kila duka walisimama. Karani anasoma jina. Mtu anatoka kwenye umati, au mara nyingi alikuwa tayari kasimama mlangoni, anapewa ufunguo. Hakuna aliyeulizwa kitu. Hapo ndipo nilipoona, kwa macho ya mtoto, kwamba majina yalikuwa yamepigwa taipu. Karatasi ilikuwa safi, mistari imepangwa, hakuna aliyekata jina wala kuongeza. Barua ya baba na makoti na swali la benki vilikuwa mchezo wa kutupitishia muda wakati orodha inapigwa taipu kwingine.

Duka letu lilikwenda kwa kapteni mmoja wa jeshi. Hakuwa mtu wa kutisha kwa sura. Alikuwa na tabasamu, na alimpa kila fundi mkono. Kisha wakabandua lakiri, wakaingia, karani akaanza kusoma orodha ya mali kutoka kwenye daftari la zamani la duka: majora ya kitambaa, kaunta, kabati za vioo, mizani, mikasi. Akafika: "Cherehani, Singer, moja."

Kapteni akatoka barazani. "Mzee, hii cherehani ya nani?"

"Yangu, afande. Ninayo barua yake."

Baba akaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Karani akaisoma kwa sauti, yote, hadi muhuri. Kapteni akasikiliza kwa adabu.

"Na huyu aliyeandika, iko wapi?"

"Ameondoka, afande."

"Basi na barua yake imeondoka."

Watu wakacheka. Baba akafungua mdomo kusema jambo, na kapteni akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka mbali. "Wewe Kiswahili yako ni ya wapi, mzee? Ya kwa Nyerere?"

"Ya Walukuba, afande," alisema mama kutoka kwenye umati. Sikujua hata kama alikuwapo.

Kapteni akamtazama mama, akamtazama baba, na akaamua kuwa mkarimu. Cherehani ni mali ya duka. Fundi ataendelea kuitumia. Kila mwezi atalipa shilingi thelathini za kodi, na risiti atapewa, kwa sababu yeye hapendi mambo ya kienyeji. Risiti ya kwanza iliandikwa papo hapo, kwenye kitabu kilekile cha duka, chenye jina la Mgujarati juu kwa wino wa bluu. Kapteni alikitumia kitabu hicho hadi kikaisha.

Niliposoma historia ukubwani nilikuta kwamba mashirika, mashamba na ranchi zipatazo 5,655 ziligawiwa wakati ule, na 5,443 kati ya hizo zilikwenda kwa watu binafsi. Hao ndio walioitwa mafutamingi. Msomaji wa leo hudhani walikuwa wafanyabiashara wapya waliokosa uzoefu, na visa vya kuchekesha vya watu wasiojua bei ya shati vimesimuliwa hadi vikachuja. Kapteni wetu hakuwa mjinga. Aliuza majora yote katika miezi michache, hakununua mengine, na hakuwa na haja. Duka halikuwa biashara yake. Lilikuwa anwani. Mwenye anwani na cheo alipata chiti, na chiti ndiyo iliyokuwa mali: karatasi inayokuruhusu kuchukua magunia ya sukari, au chumvi, au sabuni, kwa bei ya serikali. Kakira, penye kiwanda cha sukari, ilikuwa hapo jirani, miwa tunaiona, na sukari tulipanga foleni kuitafuta. Mwenye chiti alizunguka nyuma akauza kwa magendo kwa bei aliyoitaka. Chiti nyingine ziliuzwa kabla hata ya gunia kuonekana. Karatasi ilipita mikono mitatu, kila mkono ukiongeza bei, na sukari bado iko stoo.

Na wala hatukuanza na Amin kugawana nchi kwa orodha. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wakubwa wapatao 1,000. Aliyeandikwa akawa mwenye ardhi, aliyekuwa akilima palepale akaamka mpangaji. Bibi yangu wa Busoga, ambako mkataba ule haukufika, alikuwa akiwasikitikia Baganda kwa jambo hilo kama mtu anayeona mvua ikinyesha ng'ambo ya mto.

Baba aliendelea kulipa. Vitambaa vilipoadimika alishona viraka. Kisha baridi kali ya mwaka 1975 iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda, na kahawa ya Uganda ikaanza kutembea usiku kuelekea Kenya, hadi Chepkube kwenye mteremko wa mlima Elgon, ambako watu walikuwa wakihesabu noti kwa mafungu. Kapteni alileta magunia. Baba akashona midomo ya magunia usiku, kwa cherehani aliyoipangisha, na mwisho wa mwezi akakatiwa risiti yake ya shilingi thelathini. Magendo wakati huo yangeweza kukuua, palikuwa na amri na mahakama ya kijeshi kwa kosa hilo. Aliyekuwa hatarini ni mwenye sindano. Mwenye magunia alikuwa anakunywa chai na wale ambao wangemkamata.

Wanajeshi wa Tanzania waliingia Jinja tarehe 22 Aprili 1979. Kapteni alikuwa ameshatoweka. Baba alikwenda Main Street akakuta duka limeporwa, milango imeng'olewa, na cherehani haipo. Askari mmoja aliyekuwa akilinda pale alimsalimu, na waliposikizana lafudhi wakakumbatiana kama ndugu. Hilo ndilo alilolipata.

Mwaka 1983 sheria ya kurudisha mali kwa wenyewe ilianza kutumika, na redio ikatangaza kwamba waliofukuzwa wanaweza kuja kudai. Mama alikuwa amezihifadhi risiti zote ndani ya bati la biskuti, pamoja na ile barua yenye muhuri. Baba alikataa kwenda. Alisema wanaorudishiwa ni wale wenye majengo, na majengo yakisharudishwa yatauzwa kwa wenye pesa wapya, na hao hao ndio watakaotutoa barazani. Kuhusu jengo lile hakukosea, ingawa ilichukua miaka. Mama alivaa gomesi yake ya harusi akapanda basi hadi Kampala, nami nikamsindikiza.

Kwenye ofisi ya madai tulipanga foleni na mawakili na mawakala wa watu walio London na Toronto, kila mmoja na faili nene. Zamu yetu ilipofika, mama akafungua bati, akapanga risiti mezani kwa miezi. Karani alikuwa kijana, mwenye heshima. Alizitazama, akaigeuza fomu ya madai huku na huku.

"Mama, mlikuwa na jengo?"

"Hatukuwa na jengo."

"Shamba? Kiwanda?"

"Cherehani."

"Hapa hapana nafasi ya cherehani, mama. Ni jengo, au kiwanja, au biashara."

Mama akakusanya risiti zake, lakini hakuinuka. Akauweka mkoba magotini, akamwambia yule kijana: "Basi mwanangu, andika jengo. Andika lina miguu ya chuma."