Nilivyovuka kipupwe cha Lushoto bila kumaliza mshahara kwenye LUKU

Mimi ni mtoto wa Chumbageni, Tanga mjini. Kwetu shuka moja linatosha mwaka mzima. Nilipohamishiwa kufundisha Lushoto, mkoa ni uleule, lakini ukishaiacha Mombo ukapanda kupitia Soni, unaingia nchi nyingine. Mji upo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwanetu alikuwa na miezi minane.

Wiki ya kwanza tulifanya kosa, na nalisema ili mwingine asilirudie. Tuliingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna moshi hata kidogo, tukafunga madirisha tukalala. Saa nane usiku mtoto akaanza kulia, kilio cha chini kama cha mgonjwa. Mke wangu akainuka amchukue, magoti yakamwishia nguvu. Kichwa changu kilikuwa kinagonga, chumba kinazunguka. Nilifika mlangoni kwa kutambaa. Tulikaa barazani na baridi ile, tumejifunika blanketi moja watatu, mpaka kukapambazuka. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Moshi usipoonekana, usidhani uko salama. Tangu usiku ule jiko halivuki kizingiti cha chumba cha kulala.

Nikanunua hita ya umeme ya wati 2,000. Kila saa inakula uniti mbili, nasi tulikuwa tunaiwasha masaa manne kila usiku. Mita yetu ilikuwa kundi la watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, kuanzia ya 76 ni shilingi 350. Siku ya kumi tulikuwa tumeshavuka.

Aliyenifumbua macho ni bibi mwenye nyumba. Alikuja jioni moja, nikamwamkia, akaitikia huku anatazama juu. "Mwalimu, unalipasha moto bati."

Kweli chumba hakikuwa na dari. Hewa ya moto hupanda, na juu palikuwa na bati tupu na mwanya ukutani. Usiku ule niliwasha mshumaa nikazunguka nao taratibu. Chini ya mlango ulimi wa moto ulilala kabisa. Pembeni mwa dirisha ukatetemeka.

Nilikubaliana na bibi: ninunue silingi bodi na mbao, nimlipe fundi, yeye akate kwenye kodi ya nyumba. Hilo ndilo lililosaidia kuliko yote, na kama una pesa ya jambo moja tu, anza na dari. Chini ya mlango niliweka mguu wa suruali ya jinzi kuukuu, nimeujaza maranda ya kwa seremala na kuushona ncha zote mbili. Dirishani tukatundika blanketi la mtumba. Asubuhi tunalifungua jua liingie, kabla ya magharibi limeshashuka. Matundu ya hewa ya juu sikuyaziba. Watu watatu wanahitaji kupumua.

Kitanda nacho tunakipasha chenyewe. Birika la umeme likichemsha lita moja na nusu halifikishi robo uniti. Maji yanaingia kwenye mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto, unaviringishwa kanga, unakaa chini ya blanketi nusu saa. Tunautoa kabla ya kumlaza mtoto, asije akaungua.

Hita sasa inawaka nusu saa tu, wakati wa kumwogesha, na uniti 75 zinatufikisha mwisho wa mwezi. Juzi bibi amegonga na kisuruali cha mjukuu wake mkononi. Na kwake upepo unapita chini ya mlango, nimshonee kama kile changu.