Novemba mosi huku Bengaluru, siku ya Karnataka

Wabongo mlioko Bengaluru, huku India, mnajua, ikifika mwisho wa Oktoba bajaji zinaanza kupendeza. Kila dereva anafunga bendera ya manjano juu nyekundu chini, wengine wanazungushia na maua, na wengi wanabandika picha ya Puneeth Rajkumar, yule mwigizaji aliyefariki 2021 siku chache tu kabla ya sikukuu yenyewe. Hapo ujue Rajyotsava imefika, siku ya kuzaliwa jimbo la Karnataka, tarehe 1 Novemba. Naiandikia leo kwa sababu naona wenzetu wengi wa mitaa ya Hennur na Kothanur wanaichukulia ni holidei ya kulala tu, na mimi ndo sikukuu ninayoipenda kuliko zote za huku.

Iko hivi. Mwingereza anaondoka 1947 watu wanaoongea Kikannada, lugha ya huku, wametawanyika vibaya, kuna walioko kwa mfalme wa Mysore, kuna walioko mkoa wa Bombay, wengine Madras, wengine kwa Nizam, mtawala wa Hyderabad, na Coorg nako kivyake. Yani mtu wa Dharwad, mji wa kaskazini, mambo yake yanaamuliwa Bombay, mbali huko, na watu wasiojua lugha yake. Kelele za kutaka waunganishwe zilianza zamani, jina utakalolisikia sana ni Aluru Venkata Rao, mtu wa hukohuko Dharwad, aliandika na kuhamasisha miaka na miaka. Serikali ya Nehru, waziri mkuu wa India, ikasita, maana nchi ilikuwa ndo imetoka kugawanyika na Pakistan, wakaogopa kukata tena vipande kwa lugha. Halafu Desemba 1952 Potti Sriramulu akafa akiwa kwenye mgomo wa kula akidai jimbo la watu wa Kitelugu, lugha nyingine ya kusini, kukawaka moto, basi ikabidi wakubali majimbo ya lugha. Sheria ya kupanga majimbo upya ikapita 1956, na tarehe 1 Novemba mwaka huo Wakannada wengi wakawa chini ya jimbo moja. Siku hiyohiyo Kerala nayo ikazaliwa.

Jina lilibaki Mysore lakini, na watu wa kaskazini hawakulitaka kwa sababu Mysore iko kusini, wao inawahusu nini? Mpaka 1 Novemba 1973, Devaraj Urs akiwa waziri mkuu wa jimbo, ndo likaitwa Karnataka.

Sasa kinachonigusa mimi ni kwamba shughuli yenyewe wanaishika watu wa kawaida. Serikali ina gwaride lake na inatoa tuzo kwa wasanii, wakulima na wengine, sawa, ila nenda mtaani uone, madereva na wenye maduka wanachangishana wanafunga jukwaa katikati ya barabara, wanaweka picha ya mama Bhuvaneshwari ambaye kwao ndo mama wa ardhi ya Kikannada, ngoma za dollu zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka, na wanaendelea hivyo mtaa kwa mtaa Novemba nzima. Maofisini nako, vijana wa kompyuta wanakuja na panche nyeupe, zile shuka za kiume za kufunga kiunoni, na skafu za bendera. Mimi niliyekulia kwenye Kiswahili, redioni Kiswahili, mahakama ya mwanzo Kiswahili, sokoni Kiswahili, sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu imebidi wadai mpaka mtu afe ndo waongozwe kwa lugha yao. Nikiwaona wazee wanasimama kuimba wimbo wa jimbo nasikia kitu moyoni kwa kweli.

Sio wote wanafurahi, niseme ukweli. Kule Belagavi mpakani na Maharashtra kuna Wamarathi wanaosema wao waliwekwa upande usio wao, tarehe hiyohiyo wanaifanya siku nyeusi, wanaandamana. Ukichora mpaka kwa lugha lazima kuna watakaobaki upande wa pili, na ule mgogoro haujaisha mpaka leo.

Kwa wanaokuja kusoma, msije na Kihindi cha kwenye muvi mkadhani kinatosha. Jifunzeni Kikannada hata cha kuulizia bei na kusalimia, madereva wanabadilika kabisa ukiwasemesha kwao. Na tarehe 1 benki zimefungwa, kwahiyo malizeni mambo ya hela mapema, jioni mtoke mkatafute jukwaa la mtaani kwenu, mtakaribishwa na holige, vile vichapati vitamu, za moto zenye samli mtapewa.