Kaseti ya Baba na Kaburi la Jim Reeves

Nilikaa Dallas karibu miaka miwili kabla ya kujua kwamba Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani, alizaliwa na kuzikwa mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka ninapoishi. Kwetu Molo, Kenya, jina hilo lilitajwa kama la mjomba anayekuja kila Desemba. Wala halikunijia wazo kwamba mjomba huyo naye ana kijiji chake, na kwamba kijiji chenyewe kiko hapa Texas.

Albamu ninayoizungumzia ni ile ya Krismasi, Twelve Songs of Christmas, iliyotoka mwaka 1963. Kenya ilipata uhuru Desemba 12 mwaka huohuo, kwa hiyo Krismasi ya kwanza ya albamu ile ndiyo Krismasi yetu ya kwanza tukiwa huru. Kwa Jim Reeves ilikuwa Krismasi ya mwisho. Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilinaswa na dhoruba karibu na Nashville ikaanguka, akafa yeye na mpiga piano wake, Dean Manuel. Alikuwa na miaka 40. Mimi nilikua nikidhani yuko hai. Sauti inayokuambia heri ya Krismasi kila mwaka utaidhaniaje kuwa ya marehemu?

Baba aliinunua kaseti yake River Road, Nairobi, mwaka 1986. Nyimbo sita upande wa kwanza, sita upande wa pili. Mwezi mzima wa Desemba betri za redio zilikuwa hazichezewi: mchana zinaanikwa juani juu ya bati, jioni baba anazitia mwenyewe. Mwaka mmoja redio ikameza utepe katikati ya wimbo wa An Old Christmas Card. Naukumbuka ule utepe wa kahawia umejikunja kama utumbo wa kuku, na baba amepiga magoti akiuvuta taratibu, ndugu yangu akimmulikia kwa tochi. Sehemu iliyokunjamana haikuponyeka. Akaikata kwa wembe, akaunganisha ncha mbili kwa selotepu, kisha akatia kalamu kwenye tundu la kaseti na kuzungusha hadi utepe ukakaza.

Tangu siku hiyo wimbo ule uliruka. Katika ubeti wa pili maneno kadhaa hayapo: Jim Reeves anaanza sentensi na papo hapo yumo ndani ya nyingine. Na kwa kuwa utepe ni mmoja kwa pande zote mbili, wimbo wa Bethlehemu uliokuwa mgongoni mwake nao ukapoteza kipande. Tulizoea. Nyumba nzima tuliimba tukiruka pale pale, na mgeni aliyeujua wimbo mzima ndiye aliyeonekana amekosea.

Nimejiuliza sana kwa nini yeye, katika waimbaji wote wa Marekani, ndiye aliyeingia majumbani mwetu namna ile. Nadhani siri iko kwenye sauti. Kabla ya umaarufu alikuwa mtangazaji wa redio huko Shreveport, Louisiana, na mtangazaji hujua kulitamka neno likafika. Nyimbo zake za mwanzo aliziimba kwa nguvu, kama wenzake. Mwaka 1957, aliporekodi Four Walls na mtayarishaji Chet Atkins, alisogea hadi midomo ikakaribia kipaza sauti, akaishusha sauti, akaimba kama anayemnong'oneza mtu mmoja. Watu wa redio kuukuu tunaelewa maana ya jambo hilo. Hata mawimbi yakikwaruza, hata Kiingereza chako kikiwa cha darasa la nne, kila neno unalisikia. Bibi yangu hakujua Kiingereza kabisa, lakini alikuwa akisema, "Huyu haimbi, huyu anaongea na mimi."

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, vijana wenzangu Wamarekani hawamjui. Niliuliza zamu nzima. Mmoja tu alisema bibi yake alikuwa na sahani zake za santuri. Iliniuma, nasema kweli.

Basi Desemba 24 iliyopita, nilipotoka zamu ya usiku, sikulala. Nikashika barabara ya I-20 kuelekea mashariki, nikapita Tyler na Longview, nikashuka hadi Carthage. Misonobari imesimama pande zote mbili za barabara. Siku hiyo ilikuwa na joto, nilivua sweta nikaendesha na fulana. Ndipo nikatambua jambo ambalo miaka yote halikunipitia akilini. Mle ndani ya albamu kuna theluji na kengele za farasi wa kuvuta gari la kuteleza thelujini, na sisi watoto wa Molo tuliimba White Christmas bila kuiona theluji hata chembe. Kumbe aliyetuimbia alizaliwa Galloway, kwenye kaunti hii ya Panola, ambako theluji ni ya nadra. Nilidhani anatusimulia kwao. Sasa naona alikuwa akiitamani Krismasi ya kwingine, kama sisi tulivyoitamani.

Kaburi liko kando ya barabara kuu namba 79, nje kidogo ya mji. Sanamu yake imesimama juu, na mbwa wake Cheyenne amezikwa karibu naye. Kuna maandishi kwenye jiwe, maana yake ni kwamba ikiwa yeye, mwimbaji mnyonge, amefuta chozi moja au kutuliza moyo mmoja wenye maumivu, basi hakuna ubeti alioimba bure. Niliyasoma mara tatu. Sikuwa na maua. Nikaokota matawi machanga ya msonobari nikayaweka.

Kaburi la baba sijaliona kwa macho. Alifariki nikiwa huku, karatasi zangu hazijakamilika, na mazishi niliyatazama kwenye simu, picha ikikwama kila mara jeneza liliposogezwa. Kusimama kwa Jim Reeves kabla ya kusimama kwa baba kulinilemea kuliko nilivyotarajia.

Nikampigia mama kwa video. Huku ilikuwa saa nne asubuhi, kwao saa moja jioni, na alikuwa jikoni akisukuma chapati za kesho, mikono imejaa unga. Nikamwonyesha sanamu. Akafuta mikono kwenye leso, akaisogeza simu karibu na uso.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

"Kumbe ni mrefu hivyo. Baba yako angefurahi."

Nikarudi kwenye gari, nikafungua milango, nikauwasha ule wimbo wa kadi ya zamani kwa sauti. Mama akaanza kuimba naye, taratibu. Ubeti wa pili ulipofika, akaruka. Jim Reeves akabaki nyuma na maneno yake, na mama akaendelea mbele bila kusita. Nikapunguza sauti ya gari hadi ikazimika, tukaumalizia wawili, kama ulivyo kwenye kaseti.