Jumamosi kuna kuonja bia hapa Moshi

Wana Moshi mambo vipi, Jumamosi jioni duka la bia la mtaani kwetu wanaonjesha na mzigo mpya ushashuka, kuna bia ya stauti nyeusi tii na IPA, ile bia ya asili ya Uingereza yenye uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Ila mi kinachonivuta zaidi ni mbege, ile pombe yetu ya ndizi, wameiweka meza moja na hizo za chupa na kwa kweli inastahili, maana ndizi mbivu zinapikwa muda mrefu zinaachwa zichachuke, ndo unakuja uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewe yanayoleta ule uchungu. Inyweni freshi kwenye kata ya kibuyu, chembe za ulezi zikiwa bado zinaelea juu, ikilala inakuwa kali. Nyama choma ipo, kuleni kwanza, na magari acheni nyumbani.